Louisville: mji wa mto ambako mtu wa pwani apata pa kupunga upepo

Ukimwambia mtu wa Mombasa au Lamu kwamba waishi Marekani, atakutajia New York, Washington au Minneapolis. Ukimwambia ni Louisville, katika jimbo la Kentucky, atanyamaza kidogo kisha aulize, "Huko kuna nini?" Swali hili nimeulizwa na jamaa, na marafiki, na wazazi ambao watoto wao wamepata nafasi ya masomo au kazi huku na wanataka kujua kama mji wenyewe wakalika. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Kwa ufupi, mji wakalika na wapendeza, ila raha yake haiko madukani wala kwenye majumba marefu. Iko mtoni. Bahari iko mbali, ni safari ya siku nzima kwa gari. Lakini mji umekaa kwenye ukingo wa Mto Ohio, na sisi tuliolelewa kando ya maji twajua kwamba palipo na maji hapakosi upepo, na palipo na upepo hapakosi mazungumzo. Mji wenyewe si mkubwa mno. Una watu zaidi kidogo ya laki sita, yaani kama nusu ya watu wa Kaunti ya Mombasa, tena wametawanyika katika eneo kubwa. Jina lake wenyeji hawalitamki kama lilivyoandikwa. Wao husema "Luavo", na ukisema hivyo wajua umeshaanza kuwa mwenyeji.

Mji uliozaliwa na maporomoko

Miji mingi ya kwetu ilianza palipokuwa na maji matulivu, mahali jahazi liweze kutia nanga. Louisville ilianza kwa sababu ya maji yasiyotulia. Mto Ohio watiririka kama kilomita 1,580 kutoka Pittsburgh mpaka unapoungana na Mississippi, na katika njia yote hiyo kizuizi kikubwa cha asili kilikuwa kimoja tu. Hapa mwamba huteremka kama mita 8 katika masafa ya kilomita 3 hivi, na maji huenda kwa kasi. Mashua zilipofika zililazimika kusimama, mizigo ikashushwa, ikabebwa nchi kavu, kisha ikapakiwa tena upande wa chini. Penye kushusha na kupakia mizigo hapakosi wachukuzi, maghala, wapishi na nyumba za wageni. Mtu wa bandari hahitaji kuelezwa zaidi.

George Rogers Clark alifika hapa na walowezi wake mwaka 1778, na mji ukapewa jina la Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa kwa kushukuru msaada wake katika vita dhidi ya Uingereza. Mwaka 1830 ulifunguliwa mfereji wa kuyakwepa maporomoko. Mpaka leo matishali yaliyojaa makaa ya mawe na kokoto hupita pale kwa kuingia katika chumba kirefu cha maji chenye milango miwili. Milango hufungwa, maji huongezwa au hupunguzwa, na chombo hupanda au kushuka taratibu mpaka kilingane na mto wa upande wa pili. Ni kitu cha kumpeleka mtoto akakitazame, na hakina malipo.

Lakini kilichonishangaza mimi ni mwamba wenyewe. Ukivuka kwenda upande wa Indiana, kwenye hifadhi ya Falls of the Ohio, na hasa ukienda kati ya Agosti na Oktoba mto ukiwa umepungua, utatembea juu ya jiwe lililojaa matumbawe. Ni matumbawe hasa, ya aina mbalimbali, yaliyogeuka jiwe takriban miaka milioni 390 iliyopita, wakati bara hili lilipokuwa chini ya bahari yenye joto. Mtu aliyekulia katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, nyumba iliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, huyatambua kabla hajasoma kibao. Kuyachukua ni marufuku, ila kuyagusa na kuyapiga picha waruhusiwa.

Mto haupwi wala haujai

Jambo la kwanza la kujifunza upya ni tabia ya maji. Sisi twajua bamvua na maji mafu, na mzee wa pwani akitazama mwezi ajua maji yatajaa saa ngapi. Mto Ohio haufuati mwezi. Wafuata mvua na theluji ya mbali, huko Pennsylvania, West Virginia na Ohio. Waweza kuwa na wiki nzima ya jua hapa Louisville huku mto ukipanda kila siku, kwa kuwa kulinyesha juu.

Na ukipanda hauna mzaha. Januari 1937 mto ulifurika ukafunika sehemu kubwa zaidi ya mji, na watu wapatao 175,000 wakalazimika kuhama nyumba zao. Baada ya hapo ndipo ulipojengwa ukuta mrefu wa kuzuia mafuriko ambao wauona ukikaribia mto. Tajiri aliyeweza kuhama alipanda vilimani upande wa mashariki, na mashariki ikazidi kuwa ya wenye nacho. Kwa hivyo anayetafuta nyumba ya kupanga mahali penye bei rahisi na aulize kwanza: mtaa huu uko wapi ukilinganisha na mto na ule ukuta? Ni swali lile lile ambalo mtu wa Tana River humuuliza anayemuuzia shamba.

Ukingo uliorudishwa kwa watu

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kwa miaka mingi Louisville iliupa mto kisogo. Ukingo uliokuwa karibu na katikati ya mji ulijaa viwanja vya vyuma chakavu, malundo ya mchanga na reli. Barabara kuu ikapitishwa juu yake kwa nguzo. Mkaazi wa kawaida angeweza kuishi hapa maisha yake yote bila kutia kidole mtoni.

Mwaka 1986 likaundwa shirika la umma la kuushughulikia ukingo huo. Viwanja vikanunuliwa kimoja kimoja, vyuma vikaondolewa, na mwaka 1999 sehemu ya kwanza ya bustani iitwayo Waterfront Park ikakamilika. Leo ni nyasi, miti, ngazi za kushukia majini, na mahali pa watoto kucheza na maji wakati wa joto. Haina lango la kulipia, wala bawabu wa kukuuliza waenda wapi. Imepangwa hivyo kwamba mto ukifurika, kama ulivyofanya Aprili 2025, maji yaingie, yatoke, tope lioshwe, na maisha yaendelee.

Halafu kuna daraja la Big Four. Lilikuwa daraja la reli tangu 1895. Treni zilipoacha kulitumia mwishoni mwa miaka ya 1960, njia zake za kupandia zikaondolewa, likabaki juu ya maji kama mifupa, halianzii popote wala haliishii popote. Wakazi wakalipa jina la daraja lisilokwenda kokote. Mwaka 2013 likafunguliwa upande wa Louisville kwa wanaotembea kwa miguu na wenye baiskeli, na mwaka uliofuata njia ya upande wa Jeffersonville, Indiana, ikakamilika. Sasa kila jioni ya hali nzuri utakuta umati wa watu juu yake: wazee, wachumba, akina mama na vigari vya watoto, wasichana wa hijabu, vijana wa mazoezi. Wanakwenda ng'ambo, wanakula aiskrimu, wanarudi. Usiku huwashwa taa za rangi.

Hakuna kingine pale ila watu na upepo. Lakini aliyewahi kukaa Forodhani Zanzibar au Mama Ngina kule Mombasa jioni anajua kwamba hicho si kidogo. Mgeni asiye na pesa na tajiri wa mji wanapita njia moja, wanaamkiana kwa kichwa. Miezi yangu ya kwanza, kabla sijajuana na mtu, ni daraja hilo lililonifanya nijihisi ni mkaazi, si mpita njia.

Ukipenda kukaa majini badala ya juu yake, kuna Belle of Louisville, meli ya mvuke iliyoundwa 1914, yenye gurudumu kubwa la kupiga maji nyuma. Bado yasafiri na abiria wa matembezi. Hiyo ni ya kulipia.

Upande wa magharibi

Nisiwadanganye kwamba kila mtu hapa ana sehemu sawa ya raha hii. Kuna barabara iitwayo Ninth Street. Magharibi yake wanaishi Wamarekani weusi kwa wingi, na mitaa yao kwa miongo mingi imenyimwa mikopo, maduka na matengenezo. Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1914 mji ulipitisha sheria ya kumkataza mtu mweusi kuhamia mtaa wenye wazungu wengi. Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha mwaka 1917, lakini mabenki na ramani za mikopo za miaka ya 1930 zikaendeleza kwa kalamu kile kilichokatazwa kisheria. Hata bustani za umma zilitengwa mpaka miaka ya 1950, na familia nyeusi zikaelekezwa Chickasaw Park. Machi 2020 polisi walimuua Breonna Taylor ndani ya nyumba yake usiku, na mji ukaandamana kwa miezi.

Huko magharibi, mtaa wa Grand Avenue, ndiko alikolelewa Muhammad Ali, aliyezaliwa hapa 1942 kwa jina la Cassius Clay. Sisi Waislamu wa pwani tulimjua kabla ya kuujua mji wake. Wazee wetu walikesha kwa habari za pambano lake la Kinshasa mwaka 1974, na mwaka 1980 alifika Dar es Salaam na Nairobi akitumwa na Rais Carter kushawishi Afrika isusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Nyerere alikataa kumpokea. Alipofariki Juni 2016, sala ya jenazah yake iliswaliwa katika ukumbi wa Freedom Hall mbele ya maelfu, na akazikwa makaburi ya Cave Hill. Kaburi lake laweza kuzuriwa bila malipo. Jumba la kumbukumbu yake liko karibu na mto, na uwanja wa ndege sasa una jina lake. Mgeni Mwislamu anayeingia kupitia uwanja huo husoma jina la Muhammad ukutani kabla hajatoa mzigo wake, nalo hupunguza ugeni kidogo.

Kazi, gari na saa za swala

Kwa anayekuja, haya ndiyo ya kujua.

Kazi ya kwanza ya wahamiaji wengi ni ya usiku, uwanja wa ndege, ambako kampuni ya UPS ina kituo chake kikubwa cha kupanga vifurushi. Ndege huingia usiku wa manane, mizigo hupangwa, na kabla ya alfajiri huondoka. Ni kazi ya mgongo. Faida yake ni kwamba tangu 1998 kuna mpango uitwao Metropolitan College ambao humlipia karo mfanyakazi wa usiku anayesoma katika vyuo vinavyoshiriki. Kijana mwenye haki ya kufanya kazi na mwenye kujua kulala mchana aweza kumaliza chuo bila deni kubwa. Asiyejua kulala mchana, baada ya miezi mitatu utamwona usoni.

Gari ni lazima zaidi kuliko New York. Mabasi ya TARC yapo, lakini si matatu ya kupita kila dakika mbili. Ukiikosa moja waweza kungoja sana, na Januari kwenye baridi kungoja ni adhabu. Wengi hupanga nyumba karibu na kazi au karibu na mtu mwenye gari.

Hali ya hewa ina pande mbili. Julai ni joto la unyevu ambalo mtu wa Mombasa atalijua mara moja, kama Machi kwetu. Februari ni theluji. Na machipuko huja na vimbunga vya nchi kavu. King'ora kikilia, shuka chini, usisimame dirishani kutazama.

Lakini kinachomsumbua Mswahili zaidi ni jua. Kwetu magharibi ni saa kumi na mbili na kidogo, mwaka mzima. Louisville iko ukingoni mwa magharibi ya ukanda wake wa saa, basi mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na isha huja wakati kwenu watu wameshalala. Desemba magharibi huingia kabla ya saa kumi na mbili kasorobo. Unatoka kazini kukiwa giza. Ramadhani ikiangukia kiangazi, saumu ni ndefu. Ikiangukia baridi, ni fupi mpaka waona haya kulalamika.

Kwa chakula, nyama ya halali yapatikana, na unga wa mahindi, na mihogo. Ukipewa chakula maarufu cha mji kiitwacho Hot Brown, kilichobuniwa katika hoteli ya Brown mwaka 1926, uliza kwanza, maana pamoja na bata mzinga juu yake kuna nyama ya nguruwe. Mji pia wajisifia pombe yake ya bourbon na mbio za farasi za Kentucky Derby, zilizoanza 1875. Si lazima kucheza kamari ili kupendezwa na historia. Katika mbio za kwanza kabisa, kati ya wapanda farasi 15, weusi walikuwa 13, na mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Baadaye walisukumwa nje mpaka wakasahauliwa.

Kiswahili cha mtoni

Usije ukafikiri utakosa lugha. Kusini mwa mji wako Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu, na wengi wao huzungumza Kiswahili, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za Kenya na Tanzania kabla ya kuletwa hapa. Kiswahili chao si cha Mvita. Mkongo atakusalimu kwa "jambo" bila mzaha na ataita mfuko sako. Mwanzoni utataka kumsahihisha. Usimsahihishe. Yeye ndiye atakayekuonyesha fundi gari asiyeiba, ndiye atakayekuita msibani na harusini. Nimeona kwenye lile daraja bibi wa Kivu na bibi wa Kismayu wakizungumza Kiswahili kwa saa nzima, kila mmoja kwa chake, wasikosane hata neno.

La kujifunza nyumbani

Sielezi haya ili vijana wafunge virago. Maisha huku yana upweke wake, na aliye na riziki yake Malindi hana sababu ya kuja kusukuma vifurushi usiku. Naeleza kwa sababu ya ule ukingo.

Louisville haina bahari, haina mchanga mweupe, haina matumbawe hai. Ilikuwa na mto mchafu uliozingirwa na vyuma. Ikaamua kwa makusudi kununua ardhi kipande kwa kipande na kuirudisha kwa umma, na kugeuza daraja bovu kuwa baraza ya mji mzima. Kazi hiyo ilichukua miaka zaidi ya kumi, na pesa nyingi, kwa sababu kurudisha kilichokwisha kuchukuliwa ni ghali kuliko kukilinda.

Sisi tumepewa bure kile wao walichonunua. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi iliyo kati ya maji yakijaa na maji yakipwa ni ardhi ya umma. Lakini ardhi ya umma isiyo na njia ya kuifikia ni ya umma kwa karatasi tu. Kila mwaka nikirudi naona ukuta mpya, lango jipya, na kichochoro cha kwenda pwani ambacho mvuvi alikipita tangu zama za babu yake kimekuwa cha mtu. Mama Ngina ilipotengenezwa 2019 tuliona jinsi watu walivyomiminika. Hawakufuata kitu kingine ila ile haki ya kukaa mbele ya bahari yao.

Basi mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, pamoja na maji na barabara, muulizeni na hili: njia za umma za kwenda ufukweni katika wadi hii ni ngapi, ziko wapi, na zimesajiliwa kwa jina la nani? Muulizeni sasa, wakati njia zingalipo. Wenzetu wa Kentucky walingoja mpaka hawakuwa na hata moja, na wakalazimika kuzinunua.